Tiki Moja ya Bibi Nukta

Wanafunzi wa uzamivu walimpachika mkutubi yule jina la Bibi Nukta, na wala hakulikataa. Alikuwa mtu wa kukurudishia orodha nzima ya marejeo kwa sababu nukta imekaa mahali pa mkato, kisha akukalishe pale pale kwenye dawati la utafiti, ghorofa ya pili, muirekebishe pamoja mpaka mgongo ukuume. Makala ikikosekana, alibisha hodi kwenye maktaba za watu hadi ipatikane. Walimnung'unikia kila siku, lakini hakuna aliyethubutu kuwasilisha tasnifu bila kupita kwake.

Kati ya wote, aliyemzoea zaidi ni Mwalimu, baba mtu mzima aliyefundisha shule ya sekondari asubuhi na kuja maktaba mchana, vumbi la chaki bado limo kwenye mikono ya shati. Alitafiti jinsi watoto viziwi wanavyojifunza hesabu, kwa kuwa kitindamimba wake ni kiziwi na shule zilimwona mzigo. Chuo kimoja cha ualimu kilimwahidi kazi ya kuwafundisha walimu wa watoto kama huyo, ila kwa sharti moja: awe na shahada mkononi. Miaka ikaenda, mvi zikamwota, na watani wakamuuliza lini ataleta kitanda chake humo maktaba.

Rasimu ilipokamilika, Bibi Nukta aliipitisha kwenye mtambo unaolinganisha maandishi na kazi za wengine ili kunasa wizi. Mtambo ule una kisanduku kidogo cha tiki. Ukiiacha tiki, kazi inahifadhiwa humo humo. Ukiitoa, kazi inapimwa na kusahaulika. Rasimu haihifadhiwi kamwe, maana siku tasnifu yenyewe itakapopimwa, mtambo utaikuta rasimu ndani na kupiga yowe la mwizi.

"Usije ukanihifadhia huko, dada," Mwalimu alitania.

"Kaka, kazi hii nimeianza nywele zako zikiwa bado nyeusi. Rasimu hapa hazihifadhiwi. Nenda zako ukapumzike."

Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Uliporudi, mtambo ulijiwasha upya na tiki aliyokuwa ameitoa imerudi mahali pake. Bibi Nukta, aliyeona nukta za watu wote, hiyo hakuiona.

Baadaye ofisi ya tasnifu ikapima kazi ya mwisho. Karibu yote ilifanana na kazi iliyokwisha kuwamo ndani ya mtambo, ya "mwanafunzi wa chuo hiki", jina halikutajwa. Mwalimu alikuja dawatini midomo imemkauka.

"Dada, wanasema nimeiba. Sasa nimemwibia nani?"

Bibi Nukta akaelewa papo hapo. Alimwambia asubiri, akapanda kwa bosi wake.

"Tukiandika kwamba kosa ni letu, hili dawati watalifunga," bosi alisema. "Ifute hiyo rasimu, wapime tena, basi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Naye akafunika. Aliogopa, hakuna cha kumtetea. Jina lake zuri lilimuuma kuliko alivyomhurumia yule baba. Akaifuta rasimu, kisha akashuka kumtuliza Mwalimu kwamba mashine nazo hukosea. Kazi ikapimwa upya, ikatoka safi.

Lakini kamati haikufurahi hata kidogo. Juzi karibu yote ya wizi, leo karibu hakuna, na wala halijabadilika neno? Wakaona huyu ana mtu ndani anayemchezea mtambo. Wakamwita, wakamhoji, wakamfukuza chuoni.

Ndipo Bibi Nukta alipoandika ukweli wote, safari hii bila kumuuliza bosi. Majibu hayakuchelewa: maelezo yake yanapingana na aliyoyasema mtahiniwa mwenyewe, uamuzi haubadiliki. Hakuelewa yamepingana wapi. Akampigia Mwalimu aje, akamkalisha kwenye kiti kile kile cha miaka yote, akamweleza habari ya umeme, ya tiki, na ya ushauri wa bosi aliokubali kuufuata.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imelala magotini.

"Unajua waliniuliza nini mle ndani?" akasema. "Waliniuliza, kazi hii iliwahi kuhifadhiwa kwenye mtambo? Nikasema hapana. Wakanirudia, una hakika? Nikaapa, dada. Nimeapa kwa jina la mwanangu."

"Kaka, mimi..."

"Niliapa kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia. Ungeninong'oneza tu siku ile nilipokuja kukuuliza, ningewajibu ndiyo, ilihifadhiwa, na mwenye kazi ni mimi."

Bibi Nukta alilia hadharani, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu. Mwalimu hakumgombeza. Alisimama, akautia mkoba begani.

"Kwa hiyo kweli niliwadanganya," alisema, akaondoka.