Niliikata Mbeleko ya Mdogo Wangu

Kosa ni langu, ndugu msomaji, na sitafuti wa kumsukumia. Mkasi niliushika mwenyewe, mchana kweupe, nimekaa kwenye kigoda uani kwangu hapa Lushoto, na nilijua ninachokikata.

Mimi sikujaliwa mtoto. Mume wangu alivumilia miaka tisa, kisha akaoa mwingine Soni na kubaki huko huko. Aliniachia nyumba, migomba na ukimya. Nilipika ugali wa mtu mmoja, na hata sufuria yangu ndogo kuliko zote ilikuwa kubwa kwangu.

Ndipo nikajiunga na darasa la kushona kanisani. Alilifundisha Bibi mmoja Mwingereza, mpole sana, Kiswahili chake kikichechemea. Tulikutana kila Jumatano, na Jumatano ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusema na watu.

Krismasi ilipokaribia, Bibi akatuambia, "Mama zangu, wiki ijayo kila mmoja alete nguo ya mtoto wake, ya zamani, ya uchanga. Tutashona mapambo madogo ya mti. Mtoto atakuwa mkubwa, pambo litabaki."

Wenzangu wakaanza kucheka na kutajiana. Huyu ana soksi, yule ana gauni la ubatizo. Mimi nikainamia sindano yangu. Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililoniuma, maana walifanya makusudi.

Sasa nikueleze habari ya mbeleko. Kwetu, nguo aliyobebewa mtoto wa kwanza haikai kwa mama yake. Mtoto akishatembea, nguo hiyo hupelekwa kwa bibi mzaa mama, aitunze mpaka binti yake apate mimba nyingine. Hapo binti huja mwenyewe kuichukua. Haikatwi wala haiazimwi. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo mdogo wangu aliyeolewa Zirai aliileta kwangu.

"Shika, dada," aliniambia pale uani, akanipa kwa mikono miwili. "Wewe ndiye mama sasa."

Ilikuwa kanga nyekundu yenye maua meupe. Ndiyo aliyombebea mwanawe Elia. Niliiweka chini kabisa ya sanduku la bati, na majani makavu ya kufukuzia nondo.

Nilipoitoa, nilijiambia nitakata pembe tu, nitaikunja nishone upindo, hatajua. Nikakata pembe. Nyota ikatoka bila ua hata moja, imepooza. Nami sikutaka kwenda na kitu kilichopooza mbele ya wale wanawake. Nikaikunjua kanga magotini, nikakata katikati, penye ua kubwa.

Jumatano ile Bibi aliigeuza nyota yangu mkononi. "Nzuri sana. Ya mtoto wako?"

"Alikufa," nikasema. "Nilimzaa tulipokuwa tukikaa Mombo, kabla hatujapanda huku."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Jamani, jina la mtoto nililokuwa nalo moyoni lilikuwa moja tu. Nikasema, "Elia."

Sindano zote zikasimama. Mama Neema, mke wa karani wa boma, akaja kunikumbatia. "Pole, mwenzangu. Kumbe mzigo huo unaubeba peke yako?" Akalia, nami nikalia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli ingawa maneno yalikuwa ya uongo.

Tangu siku hiyo waliacha kunipita. Walikuja kwangu na viazi, na ndizi, wakakaa mpaka jua linashuka. Nikaitoa sufuria kubwa iliyokuwa imeota kutu, nikaisugua kwa mchanga. Sikudanganyi: nilikuwa na furaha.

Bibi aliandika kikaratasi kwa kila pambo. Changu kilisomeka: Elia, marehemu.

Kisha ikaja barua kutoka Zirai. "Dada, shikamoo. Tutakuja Krismasi, mimi na Elia. Nina habari njema, na unajua nitakachokifuata."

Nilikuwa na wiki mbili nzima. Ningeweza kumwendea Bibi, nikasema kweli, nikaiomba ile nyota. Kila asubuhi nilijifunga kanga yangu ili niende, kisha namsikia Mama Neema anabisha hodi, nateleka chai. Nikaamua nitaitoa nyota kimya kimya kabla ya ibada.

Siku ya Krismasi lori la kutoka Mombo liliwahi. Wageni wangu walishukia kanisani moja kwa moja. Nilipofika mlangoni, walikuwa wamekwisha simama mbele ya mti. Elia, miaka sita, ndio kwanza anajifunza kusoma, alikuwa amekishika kile kikaratasi kwa vidole viwili.

"E-li-a," alisoma. Akafurahi. "Mama, jina langu hili! Na hapa wameandika nini?"

Mama Neema, kwa wema wake, akamwambia mdogo wangu, "Huyo ni mtoto wa dada yako, aliyemzika Mombo. Hukuambiwa?"

Mdogo wangu aliigusa nyota. Akalitambua ua. Mkono wake wa pili ulikuwa juu ya tumbo, nami nikaona kwamba mimba imekwisha anza kuonekana. Kisha akageuka akaniona.

"Nimeambiwa sasa," alisema.

Hakuniumbua mbele yao. Alimshika Elia mkono, akanipita mlangoni, hata shikamoo hakunipa, naye tangu udogo hajawahi kuniacha bila salamu. Walirudi na lori lile lile. Natamani angenitukana.

Darasani sikurudi tena. Mama Neema alikuja mara mbili, nikamwambia kweli mara ya pili, hakuja ya tatu. Nilikusanya vipande vya kanga, pamoja na ile nyota niliyoitoa mtini na kuifumua, nikaviunga kwa mishono midogo kuliko yote niliyofundishwa. Kanga hiyo nikampa mtu wa Zirai aipeleke.

Ilirudi imekunjwa vizuri, na maneno ya mdomo: "Mwambie dada hiyo ni ya mwanawe. Aitunze yeye."

Nasikia alizaa msichana. Alimbebea nguo gani, sijui. Nasikia Elia ni mzima na anasoma sana. Kila nikisikia hivyo namshukuru Mungu, kisha nakumbuka kwamba ni mimi niliyemzika.

Ndugu yangu usiye na kitu, nenda mikono mitupu. Kaa pale, useme sina, wakuonee huruma au wakucheke, utarudi nyumbani na jina lako. Mimi nilitaka nionekane mama kwa watu wa Jumatano. Mdogo wangu alikuwa amekwisha niita mama, uani pale pale nilipokaa na mkasi, na hakunitaka nimwonyeshe mtoto.