Shimo la Kidole Gumba

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mbao nililifanya kabla sijajua kushika patasi. Juzi kanisani nilimwona mama mmoja akiupapasa mguu wa sanamu ya Bikira Maria, na aibu ikanirudia.

Sanamu ya zamani iliachwa mlimani tulipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Kilangali, ikaliwa na mchwa. Baba akachonga nyingine ya mninga, ifanane na ile. Mchana ule uwanja wetu ulinukia maranda. Baba alikwenda kumleta Bibi, aliyekuwa haoni, aishike kabla ya watu wote. Nikaona mguuni pana kishimo. Nikadhani Baba amekosea. Kwa majani ya msasa nikasugua kingo zake mpaka kishimo kikapotea, pakawa laini kabisa.

Bibi alipapasa, akarudia tena.

“Huyu simjui.”

“Mama, ni yule yule,” Baba alisema.

“Yule ana mahali pa kidole changu. Huyu mguu wake kama wa bi harusi!”

Baba alicheka, kisha akauona unga wa mbao magotini mwangu, akaupapasa mguu wa sanamu mwenyewe. Sikujua kwamba vidole vya Bibi na wenzake ndivyo vilivyochimba shimo la zamani kwa miaka ya kusali, na Baba aliliiga makusudi.

Aliahidi kulichonga upya Jumamosi, na alilichonga. Lakini Bibi tulimzika Ijumaa.

Siku hizi nachonga mwenyewe. Nikiona kasoro, nauliza kwanza ni ya nani.