Jogoo wa Nkambo na Breki za Papa

Juzi mukwe wangu, bwana wa binti yangu mukubwa, alinikalisha kwenye kiti cha dereva cha pikapu yake nzee akaniambia nikanyage breki. Mimi, mutu ambaye safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka kitandani mpaka kwenye mbabula, jiko langu la makaa, nikashika usukani kama naenda mpaka mjini Mansa. Yeye alikuwa amelala chini ya gari, viatu tu ndivyo vinaonekana. Alikuwa ametoa tamburi za nyuma, yale mabakuli mazito ya chuma yanayofunika breki za zamani, na kuweka diski fasi yake, na sasa tulikuwa tunatoa hewa ndani ya mafuta ya breki. "Kanyaga, mama," anasema. Nakanyaga. "Shikilia." Nashikilia, kisha nzi ananipita kwenye pua. "Mama, nani amekuambia uachie? Hewa imerudi. Tunaanza tena."

Akasukuma tamburi moja kwa muguu ili apate nafasi. Ikagonga saruji, ikalia ngooo, sauti nzito inayozunguka kabla ya kufa. Na mimi pale pale, na uzito wangu huu wote, nikawa na miaka tisa.

Rafiki yangu, lazima nikuambie kwanza kazi niliyokuwa nafanya nilipokuwa na miaka tisa. Nilikuwa ninabeba maneno. Nkambo, mama wa mama yangu, na papa, yaani baba yangu, walikuwa na heshima ya buko, ile ya mukwe mwanaume na mama wa muke wake. Hawakusalimiana kwa mukono, hawakuangaliana, hawakula fasi moja. Wakikutana njiani, papa alikuwa anaingia ndani ya majani mpaka nkambo apite. Na hawakusemeshana. Neno la nkambo lilipita kwangu, jibu la papa lilirudi kwangu, hata kama walikuwa wamekaa karibu hivi kwamba waliweza kusikia matumbo yao yakilia. Walisikilizana vizuri kabisa. Mimi nilikuwa tu ukuta wenye mudomo.

Shida ni kwamba walifanya kazi pamoja. Papa alikuwa na pikapu, nkambo alikuwa na wavuvi. Wavuvi wote wa Kashikishi, kwetu pale kando ya ziwa, walimujua, na mitumbwi iliyotoka upande wa Congo ilimutafuta yeye kwanza. Kwa hiyo asubuhi tulipanda watatu mbele: papa kwenye usukani, nkambo kwenye mulango, mimi katikati, na lever ya vitesi, ile ya gia, kati ya magoti yangu. Papa aliendesha akiwa amegeuza uso kwenye dirisha lake. Mpaka leo sijui tulifikaje.

Kule ziwani papa alirudisha gari nyuma mpaka magurudumu yaingie majini, ili wavuvi wamwage chisense, wale samaki wetu wadogo kama kucha, moja kwa moja ndani ya sanduku la gari. Njo hapo breki zilipoharibika. Tamburi zilijaa maji, na viatu vya ndani, yale mabamba yanayobana tamburi, vikilowana haviwezi kushika kitu. Baada ya kutoka ziwani papa alitembea akigusa pedali kidogo kidogo ili zikauke, na zilikauka kwa makelele, nyiiiii, na harufu ya kitambaa kinachoungua, mbwa wa barabara nzima wakitujibu.

Sasa fikiria. Nkambo anasema, "Mwambie papa yako mi nashukia hapa." Mimi ninameza mate, ninasema, "Papa, nkambo anashukia hapa." Papa anakanyaga. Gari inawaza. Kwa ujumbe na kwa breki pamoja, nkambo alikuwa anashukia nyumba ya tatu baada ya yake, kila siku. Yule mama wa nyumba ya tatu alikuwa ameisha kuzoea, anaweka kiti nje.

Lakini kuna kitu papa alikuwa anangojea. Kwetu buko haikai milele. Siku moja mama mukwe anapika, anamuita mukwe ndani ya nyumba yake, anamulisha, na toka siku ile wanaweza kusemeshana kama watu. Wengine wanaitwa baada ya mwaka mmoja. Papa alikuwa kwenye mwaka wa kumi na moja. Alisema haimusumbui. Mama alisema anaota akiita jina la mama yake mukwe akiomba chumvi.

Halafu, mwanzo wa kipindi cha kiangazi, nkambo akafunga jogoo. Mwekundu, mwenye kiburi, kamba kwenye muguu, nyuma ya jiko. Mutu hafungi jogoo kama huyo bure. Mama aliona, akaosha shati la papa la Jumapili. Papa akaanza kupata sababu za kupita nyuma ya jiko la nkambo.

Siku ya tatu tulitoka ziwani na tamburi zimejaa maji. Nkambo alikuwa ameanika chisense za wiki nzima kwenye neti mbele ya nyumba. Akasema ashukie hapa. Nikasema. Papa akakanyaga, akakanyaga tena, akaona kwamba mbele kuna watoto wanacheza, akapinda. Alipinda juu ya chisense. Na safari hii, rafiki, gari ilisimama vizuri sana, katikati ya neti, gurudumu la nyuma likigeuka kidogo kama mutu anayezima sigara.

Nkambo alishuka. Kisha akaniambia, polepole, "Mwambie papa yako aksanti. Nilikuwa nakosa unga."

Siku iliyofuata alienda ziwani kwa miguu, na wavuvi wake wakampa samaki dereva mwingine. Jogoo alikuwa anatembea huru barabarani, na ningeweza kuapa alikuwa anatucheka.

Ng'ambo ya barabara yetu aliishi fundi mumoja aliyevuka kutoka Congo na sanduku la funguo za boliti na sauti ya bass. Kazi ya wiki ilikuwa magari, kazi ya Jumamosi alasiri na Jumapili ilikuwa kwaya. Alimuambia papa kwamba tamburi ni mambo ya wazee. Weka diski. Diski iko wazi, maji inatiririka, hata utoke ndani ya ziwa lenyewe, ukikanyaga inashika palepale. Alikuwa na diski mbili na vishikio vyake, vile vibano vinavyoikamata diski, alivyovitoa mbele ya gari ndogo iliyopinduka kwenye barabara ya Mansa. Papa hakuuliza kitu. Nafikiri hata angeambiwa kwamba zitafungwa kwa gamu ya kutafuna, angekubali.

Ilichukua wiki mbili. Alikata, alichoma chuma, alipima kwa kamba ya viatu vyake, alitoa vyuma, akachoma tena. Mimi nilikuwa wa pedali. Muguu wangu haukufika, kwa hiyo nilikanyaga kwa muti wa kusongea bukari, ugali wetu, ambao mama alikuwa anautafuta. Kanyaga, shikilia, achia. Kama unavyoona, sijaendelea sana katika maisha.

Jumamosi saa tisa kazi ikaisha. Papa alikuwa ameenda kuoga. Fundi alikuwa amechelewa kwaya, tayari anafunga shati. Akanishika bega.

"Wewe njo wa kubeba maneno. Ambia papa yako hivi: breki ya mukono haiko tena. Ilikuwa mu tamburi, na tamburi imetoka. Akisimamisha gari fasi ya kutelemuka, aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilirudia hata: haiko tena, jiwe. Nikaanza kuvuka barabara na ule ujumbe ndani ya mudomo. Barabarani nikamukuta mama wa nyumba ya tatu anachoma mihogo, na alikuwa na karanga. Akanipa. Mudomo wa mutoto una nafasi ya kitu kimoja tu.

Jumatatu nikatumwa kwa nkambo na maombi: apande mara moja tu. Nkambo akasuka neti yake bila kuniangalia. Mwishowe akasema, "Mwambie nitapanda. Nitasimamisha gari mara tatu. Ikipita hata hatua moja, mi nashuka na asinitumie mutoto tena."

Alisimamisha kwa mama wa nyumba ya tatu. Papa akakanyaga, na tulisimama hivi kwamba paji langu liligusa kioo. Alisimamisha kwenye soko. Tukasimama, na magunia matupu yote yakaja mbele kutusalimia. Mara ya tatu alisimamisha mbele ya kinyonga aliyekuwa anavuka, na kinyonga akamaliza kuvuka kwa mwendo wake wote ule. Nkambo akasafisha koo. Karibu na ziwa akaniambia, kama mutu anayesema habari ya mvua, "Nikirudi nitafunga yule jogoo, anasumbua." Sikuubeba ujumbe huo. Haikuwa lazima. Masikio ya papa yalikuwa yameisha kuwa mekundu, na papa alikuwa mweusi.

Ziwani alirudisha gari nyuma kwenye mutelemuko, akazima moto wa injini, akaacha gari nje ya vitesi, na akavuta breki ya mukono kama alivyofanya miaka yote. Lever ilipanda nyepesi sana, kama kijiko ndani ya supu. Akashuka kwenda kusema na wavuvi, akitupa mugongo, kwa heshima.

Muchanga wa pwani ulishika gari kwa dakika mbili hivi. Kisha nikaona muti mumoja wa mbele unaanza kuwa mbali.

"Mwambie papa yako," nkambo akasema, "gari yake inaenda."

Nikapiga kelele kwa dirisha, "Papa, nkambo anasema gari inaenda!"

Papa hakugeuka. Mutu hageuki kumuangalia mama mukwe. "Mwambie nkambo asiwe na wasiwasi. Ni breki mupya."

"Nkambo, anasema ni breki mupya."

"Mwambie maji imefika kwa mulango."

"Papa, maji imefika kwa mulango!"

"Mwambie diski haiogopi maji."

Na ni kweli, haikuogopa. Breki zetu zilikuwa nzuri kuliko zote za wilaya ya Nchelenge, zilikosa tu muguu. Nkambo alinyoosha wa kwake akakanyaga kila kitu alichokiona chini, akakanyaga hata mukate wa papa, lakini pedali ilikuwa upande ule mwingine. Na mimi niliyekaa karibu nayo, niliyeikanyaga wiki mbili nzima? Ndipo lile neno likanirudia, lote, na harufu ya karanga. Haiko tena. Jiwe. Nikaona macho ya nkambo yananiangalia, nikapita kwenye dirisha la dereva kama samaki anayetoka kwenye neti, nikaogelea pwani. Nilimuacha nkambo yangu peke yake. Sina namna nzuri ya kuisema.

Gari ikasimama kwenye tope, maji yakifika kwenye kiti. Papa alikuwa amegeuka mwishowe. Alisimama kwenye ukingo, macho chini, akiningoja mimi nilete neno. Nkambo alikaa kwenye kiti kama muchungaji kwenye picha, na chisense moja ikipita karibu na kiuno chake. Alikuwa anangoja mimi pia. Mimi nilikuwa ninalia tu.

Nkambo akafungua mudomo.

"Mukwe," akasema. "Kuja unitoe mu maji."

Miaka kumi na moja, rafiki. Papa aliingia ziwani na viatu. Akamugeuzia mugongo, akainama, na nkambo akapanda mugongoni kwake kama mutoto mwenye homa. Papa alifunga macho kwa heshima, kwa hiyo nkambo ilibidi aendelee. "Kushoto. Kushoto, mukwe. Hapana, huko ni Congo." Walipofika kwenye muchanga, alikuwa amemuambia maneno mengi kuliko ambayo wanawake wengine wanawaambia wakwe zao mwaka mzima.

Jogoo aliliwa kesho yake muchana. Papa alikaa ndani ya nyumba ya nkambo, shati limefungwa mpaka kwenye koo, na nkambo akamuwekea firigisi juu ya bukari, sehemu ya mutu mukubwa. Ndipo fundi akapiga hodi, kofia mukononi, kwa sababu pwani nzima ilikuwa inasema ametaka kumuzamisha mama wa watu. "Mi nilituma neno," akasema. "Jumamosi. Nilimuambia mutoto."

Wote wakaniangalia. Nilikuwa na mufupa mudomoni, sikuweza kumeza wala kutema.

"Mutoto aliniambia," papa akasema. "Mi njo nilisahau."

Nkambo aliniangalia mimi, akamuangalia yeye. "Mukwe," akasema, "unadanganya vibaya. Kula."

Papa akapasua firigisi kwa vidole, akaniwekea nusu.

Nkambo hayuko tena, papa naye amemufuata. Sanduku la ile pikapu ni nyumba ya kuku zangu. Siku hizi hakuna mutoto anayebeba neno la mutu yeyote, kila mutu ana simu yake, na mukwe wangu ananipigia hata akiwa bafuni. Juzi nilimuuliza mara nne habari ya breki ya mukono. Akatoka chini ya gari, akanionyesha kikono kidogo cha kamba kwenye kishikio kipya. "Mama, nilikuambia mi mwenyewe, kinywa kwa sikio." Kweli aliniambia. Nilienda kuweka jiwe hata hivyo.

Kisha nikamupikia kuku, nikamuwekea firigisi juu ya bukari. Akaisukuma pembeni bila kuacha kusimulia. Hapendi, anasema ni ngumu. Nikaipasua kwa vidole, nikala nusu. Ile nusu ingine ilikaa kwenye sahani mpaka ikapoa, na sikumuacha mutu aiondoe.