Kobe Aliyepakwa Samli

Likizo ile kobe waliuawa kama panya wa ghalani. Mzungu mmoja wa mifupa alikuwa amepanga chumba karibu na stesheni ya Same, akatangaza kwamba anatafuta kobe wa kale waliogeuka mawe, na atakayemletea atapata zawadi nono. Basi nyika nzima ikaingia wazimu. Watu waliwakamata kobe wazima, wakawachemsha ndani ya magamba yao, wakakwangua nyama kwa visu, wakashindilia chokaa na udongo, kisha wakawafukia kwenye majivu ya moto mpaka wakawa weusi. Asubuhi ukipita nyuma ya maduka unakanyaga utumbo.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Sikuomba. Baba, mwinjilisti wa huku juu milimani, alimwambia Mzungu kwamba binti yake anasoma sekondari na Kiingereza anakijua. Hakumwambia kwamba binti huyo hata Kiswahili hakimtoki mbele za watu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia wanaume wenye jasho, mmoja mmoja chumbani kwa Mzungu, kwamba kobe wao ni wa uongo. Mzungu alikuwa na njia zake. Kwanza alilamba. Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu vinavyofyonza mate, kwa hiyo unanata ulimini. Jiwe la mtoni halinati. Kisha alitafuta mishono. Gamba la kobe lina mistari ya juu ambayo kila mtoto anaijua, lakini chini yake mifupa imeungana kwa mishono mingine, yenye meno kama msumeno, nayo haifuati ile ya juu. "Mwongo huchonga mistari ya juu tu," aliniambia, "kwa sababu ndiyo aliyoiona." Asiporidhika alichukua nyundo. Gamba la juzi likipasuka, ndani ni jeupe, na harufu yake usiulize.

Alipiga kama anayeua nyoka. Tuliposhuka bondeni Maore, kwenye baraza la jumbe, kipande cha kobe wa uongo kiliruka kikampasua nyusi mwenye kobe, naye akamrukia Mzungu kooni. Walipoachanishwa, bibi mmoja alisimama. Kwetu Upareni mtu akikuvunjia chungu kwa hasira amekuapiza, wewe na kizazi chako. "Anatuvunjia!" bibi alipiga kelele. "Kila siku anatuvunjia mbele ya macho!" Jumbe akapiga marufuku nyundo barazani pake. Akaongeza, kwa sababu aibu ilikuwa imemkaba, kwamba mwongo atakayefuata atachapwa hadi aseme kweli.

Aliyefuata alikuwa kaka yangu.

Alilipata jiwe lake peke yake, akizibua mfereji wa shamba letu la mpunga hukohuko bondeni. Alilileta limefungwa kwenye kanga ya mama, na mama mwenyewe nyuma yake, wamevaa kama wanakwenda kanisani. Alipofungua, lile jiwe liling'aa kama paji la uso la bwana harusi.

"Umelipaka nini?" nilimnong'oneza.

"Samli, mdogo wangu. Kitu cha mgeni hakipelekwi kichafu. Mistari nimeichonga ikakaa vizuri, na ule uchafu wa nyufanyufa nimeusugua kwa tupa na mchanga, wote umetoka."

Nyufanyufa. Hiyo ndiyo ilikuwa mishono yenyewe.

Mzungu alilamba, akatema samli chini. Alipitisha kucha kwenye mistari mipya. Akatikisa kichwa. "Waambie ni kazi ya kisu," alisema.

Sikusema. Nilijua maneno yote na hakuna hata moja lililotoka.

"Mkalimani kameza ulimi!" mtu alicheka.

"Msomi, tafsiri basi! Au ada imeliwa bure?"

"Muacheni," jumbe alisema. "Kichwa cha Mzungu kimeshatafsiri."

Walimlaza kaka kwenye vumbi, mmoja akakalia miguu, mwingine akashika mikono. Askari wa jumbe alianza bila haraka. Shati lilichanika kwanza, kisha ngozi. Sauti ya kiboko kwenye shati si sauti ya kiboko kwenye ngozi, na kwenye damu ni sauti nyingine tena.

"Nimelichimba!" kaka alilia. "Mungu wangu, nimelichimba!"

"Chimba na hili," askari alijibu, akashusha.

Wanawake walikuwa wamemshika mama, naye alimng'ata mmoja mkononi. Mzungu alikuwa mwekundu, akisema kwa Kiingereza kwamba hakutaka mtu apigwe, waache, waache. Hilo nalo halikupita kooni kwangu. Kaka alikuwa ameanza kunyamaza, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko kilio.

Nyundo ilikuwa ndani ya sanduku la Mzungu, miguuni pangu. Niliichukua. Mama aliniona, akapiga ukelele, "Mwanangu, usimvunjie! Usimvunjie kaka yako!" Nikapiga. Halikuvunjika. Nikapiga tena kwa mikono miwili, na ninakiri kwamba pigo lile nililipenda, nilitamani lingekuwa kichwa cha askari. Jiwe likapasuka.

Ndani halikuwa jeupe. Lilikuwa la kahawia, lina vitundu kama mkate wa kumimina, na kwenye mpasuko mishono ilipita toka juu mpaka chini, meno kwa meno, mahali ambapo tupa haikufika. Nikachukua kipande kikavu nikakibandika ulimini.

Kikanata. Nilisimama mbele ya baraza zima, mdomo wazi, mfupa unaning'inia, machozi na mate yanatiririka. Hakuna aliyecheka. Jumbe aliinua mkono na kiboko kikakoma. Nilipokivuta kipande, kilitoka na ngozi ya ulimi.

Kaka aliinuliwa. Alitazama vile vipande, akanijia akiyumba, akanizaba kofi nikaanguka. "Nimelala chini kwa ajili ya jiwe hili likiwa zima," alisema.

Mzungu alikuwa amepiga magoti akikusanya vipande, ananisihi nimwombee kwa mama apewe, ni kobe wa kweli, wa kweli kabisa. Mama alimpokonya kimoja kimoja. "Mwambie hili limevunjwa juu ya mwanangu. Haliendi Ulaya." Safari hii nilitafsiri, kila neno, damu ikinijaa mdomoni.

Tulilirudisha kwenye mfereji lilikotoka, maana laana ya kitu kilichovunjwa hufukiwa, haitupwi. Kaka hakukubali mtu mwingine ashike jembe. Alichimba huku mgongo umefunguka na nzi wamemjaa. Mama alitupulizia maji usoni, mimi na kaka, akituombea laana itutoke. Halafu kaka akaegemea jembe.

"Lilinata kweli?"

"Lilinata."

"Hebu toa ulimi."

Nikautoa. Akautazama pale ulipochunika, akatema mate pembeni, akaendelea kufukia.