Msimu wa Kambale Kitangiri

Kila Aprili, mvua zikishajaza Ziwa Kitangiri na kambale wakubwa wakasogea kwenye matete, Laurenti alikuwa hapumziki. Wageni walikuja na ndoano zao za kisasa kuvua kwa kujifurahisha, naye ndiye aliyewaongoza kwa mtumbwi. Aliyempenda kuliko wote ni Daktari Elisha, aliyekuja miaka kumi na minane mfululizo, aliyejulikana kwa kumrudisha majini kila samaki aliyemnasa.

Mwaka huu, Laurenti akiwa ameshaacha kazi kwa sababu ya magoti, alikuja binti wa daktari, Magdalena, na fimbo ya kuvulia ya baba yake mkononi.

"Shikamoo, mzee. Baba alifariki Novemba. Naomba unipeleke mlikokuwa mnakwenda."

Hakuweza kukataa. Walipofika kwenye matete, mikono yake ilikumbuka yenyewe pa kuusimamisha mtumbwi. Saa nne hivi kambale akavuta, wakahangaika naye mpaka wakamwingiza mtumbwini. Magdalena akainama ili amwachie.

"Baba aliwarudisha wote, sivyo?"

Laurenti akaegemea kasia. "Wote, ila mmoja. Mvua ilitukamata kule ng'ambo, njaa inauma, tukamchoma tukamla. Aliniomba nisimwambie mtu, maana wenzake alikuwa akiwahubiria warudishe samaki."

Magdalena alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaomba aonyeshwe mahali penyewe. Wakavuka na samaki wao. Laurenti akakusanya kuni, huku akimsimulia jinsi baba yake alivyoungua ulimi kwa pupa.