Nadhiri za Daima

Nilipomaliza shahada ya uhandisi mitambo nilirudi Ifakara na ovaroli mpya. Chuoni walikuwa wametuletea mtaalamu wa kutuandaa kwa soko la ajira. Alitufundisha kumtazama mwajiri usoni na kusema tuna shauku ya kujifunza. Nilimuuliza mtaalamu huyo, mwajiri naye hufundishwa kusema nini. Akasema maswali ni mwishoni. Mwishoni hakukuwa na muda.

Nikapata nafasi kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga, upande wa Kiberege. Meneja alinitazama usoni kabla mimi sijamtazama. "Hapa utajitolea kwanza, injinia. Tukiona unafaa, tunakuajiri."

Niliuliza hiyo "kwanza" ina urefu gani. Inategemea. Niliuliza inategemea nini. Akanionyesha pa kuweka begi.

Nikajitolea. Nilikaza mikanda, nilibadilisha beringi, niliitika nikiitwa injinia, cheo nilichopewa siku ile ile kwa kuwa hakina gharama. Msimu wa mavuno ukaisha, mwingine ukaja, mimi bado niko kwenye "kwanza". Wakati huo rafiki yangu wa chuo alikuwa amenipatia nafasi kwenye karakana moja Morogoro, na wenye karakana walikuwa wanaanza kuchoka kunisubiri. Nilitaka kujua jambo moja tu: hapa kiwandani kazi ipo au haipo.

Nyumbani kwetu Lumemo, bibi mzaa mama akaja kutusalimia kutoka Mahenge. Akamuuliza mama ninafanya kazi gani. Mama hapendi kusema uongo, wala ukweli wote.

"Amejitolea, kule kwenye mashine."

"Halipwi?"

"Halipwi."

"Na kuoa?"

"Anasema bado hawezi."

Bibi akafanya ishara ya msalaba. Alipokuwa msichana, mabruda, watawa wa kiume wa shirika la misheni, ndio waliojenga kanisa na kutengeneza mashine ya kusaga. Hawakulipwa, hawakuoa, na kazini walivaa ovaroli. Alipoiona ovaroli yangu imeanikwa kwenye kamba, hakuhitaji ushahidi mwingine.

Kesho yake nilikuwa nimelala chini ya mashine nikasikia bodaboda inasimama nje, kisha sauti ya bibi ikimwita meneja "Baba Mkuu". Nikachungulia. Alikuwa na rozari shingoni na jogoo mkononi.

"Shikamoo, bibi," meneja alisema.

"Marahaba, baba. Nimeleta jogoo wa shirika. Ukoo wetu haujawahi kutoa bruda."

Meneja alinitazama. Mimi nikatazama beringi.

"Sasa nadhiri za daima atafunga lini, niwaambie watu wa Mahenge?"

"Za daima, bibi?"

"Si mnamjaribu kwanza?"

"Ndiyo, tunamjaribu."

"Basi zile za kudumu lini?"

Swali hilo nilikuwa nimeshamuuliza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa mdomo na kwa maandishi. Lakini sasa meneja alivua kofia.

"Bibi, nisikudanganye. Za kudumu hakuna. Mwenye kiwanda hataki kuajiri injinia. Wa kujitolea wapo, huyu akiondoka anakuja mwingine."

Bibi alishika rozari. "Hata mnovisi, bruda wa majaribio, analishwa. Huyu mnamlisha?"

"Anakuja na chakula chake."

Bibi alikuwa ameshamweka jogoo miguuni pa meneja. Akainama, akamchukua.

"Hili si shirika," alisema.

Nikatoka chini ya mashine, nikamkabidhi meneja spana zake.

"Injinia," aliniambia, "ungeniambia mapema kama unataka utawa."

Tulirudi kwa bodaboda ile ile: dereva, jogoo, bibi, mimi. Nikiwa hapo nyuma nilimpigia rafiki yangu wa Morogoro. Nafasi ilikuwa bado ipo, ila miezi ya mwanzo ni ya majaribio. Nikamuuliza ni majaribio ya kulipwa au ya kujitolea. Ya kulipwa. Nikamuuliza tena.

Jogoo alichinjwa jioni hiyo. Bibi ndiye aliyesalisha kabla ya kula, na aliniombea mke.