Mlango Niliofunga kwa Jina la Kaka Yangu

Barua pepe ilinikuta nimekalia pazia la mtu. Kazi yangu ni kushona mapazia, na naifanyia nyumbani, Kariobangi, katika chumba ambacho pazia la sebule likitandazwa lote mwenye chumba lazima ahame. Kwa hiyo nikipinda upande mmoja, ule mwingine naukunja naukalia. Simu ikatoa mlio wake mfupi. Ujumbe ulisema nywila yangu imebadilishwa, na kama si mimi niliyeibadilisha nimwarifu msimamizi.

Sikuwa nimebadilisha chochote. Mimi sibadilishi hata stesheni ya redio. Nikajiambia hao ni matapeli wa kila siku, wale wa kukupongeza kwa kushinda mchezo ambao hukuucheza, nikaendelea na upindo wangu.

Saa saba nilipoacha kazi nile, nikafungua jukwaa letu, likanikataa. Nikaandika nywila yangu tena polepole, kwa kidole kimoja, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Likanikataa. Mara ya tatu likaniambia nipumzike robo saa. Hata mashine ilikuwa imeona nimechoka.

Jukwaa lenyewe ni la watu waliokulia mtaa mmoja, zile nyumba za wafanyakazi wa reli kule Makongeni. Mwenzetu mmoja aliyehamia ng'ambo alilitengeneza miaka mingi iliyopita, kisha akaliacha hivyo hivyo, na sisi tukabaki humo tukipiga soga. Nani alikuwa na televisheni ya kwanza. Nani aliiba blanketi kwenye kamba, akakutwa amelala nalo. Hakuna anayetumia jina lake. Ukikutana nami kwenye ngazi za ploti utapata salamu moja na kikohozi, lakini humo, kwa lakabu yangu, mimi ni mchekeshaji na watu wananisubiri. Nimewachambua wote, hasa yule kijana wa zamani aliyepiga pasi suruali zake kwa kuzilaza chini ya godoro, kisha akakataa kuketi mchana kutwa ili zisikunjike. Kijana huyo ni kaka yangu mkubwa. Nilidhani hajui kwamba ninayeandika ni mimi.

Vichekesho vingeibiwa vyote ningenyamaza. Kilichonifanya niache chakula kipoe ni barua za mtu mwingine.

Kuna mwanamke wa mtaa wetu tuliyekuwa tukiandikiana naye humo faraghani kwa zaidi ya mwaka. Kila mtu alijua yuko Arabuni, ameajiriwa kazi za nyumbani. Hata pale barazani, mbele ya wote, aliandika habari za joto la huko. Ukweli ni kwamba alikuwa amesharudi. Alirudi kabla ya mkataba kuisha, na begi moja, akapanga chumba Kayole, akawa anasuka watu nywele. Mama yake mzazi alikuwa Shauri Moyo, akiwaambia wenzake wa chama cha akina mama kwamba binti akija wote wataalikwa. Binti alikuwa anangoja apate angalau kitu cha kushika mkononi. Aliniandikia kwamba hawezi kumfikia mama mikono mitupu baada ya mtaa mzima kumfanyia sherehe ya kumuaga.

Aliyejua ni mimi peke yangu. Siku moja nilimuuliza kwa nini akanichagua mimi, akasema ni kwa sababu sitoki nyumbani, kwa hiyo sina wa kumwambia. Nikalichukua kama sifa. Nikamhakikishia kwamba hapa ni salama, haingii mtu ila mimi. Leo siri hiyo si siri tena, ndiyo maana naweza kuiandika.

Robo saa ilipoisha nikabonyeza pale pa waliosahau nywila. Jukwaa likaniuliza swali la siri, lile nililolichagua mwenyewe siku ya kujiunga: jina la mama yako kabla ya kuolewa ni lipi?

Hapa lazima nikiri ujinga. Jina la mama nalijua, nimeliona kwenye kitambulisho chake. Lakini siku ile ya kujiunga mkono ulikataa kuliandika. Sisi hatukulelewa kutaja jina la mama hivi hivi, kama unaita muuza mboga. Hata mtaa haukulijua. Mama alikuwa Mama Fulani, na Fulani ndiye kifungua mimba wake, kaka yangu. Kanisani Mama Fulani, dukani Mama Fulani. Hospitalini, akiitwa kwa jina la kwenye kadi, hakuinuka mpaka nimguse bega. Basi nikaandika hivyo: Mama, halafu jina la kaka. Nikajiona mjanja sana, maana nani angefikiria kwamba mtu mzima aliyefika kidato cha nne atajibu swali kwa kulikosea makusudi? Kumbe nilikuwa nimefunga mlango kwa kitu ambacho majirani walikuwa wakikipaza kila siku dirishani kwetu wakija kuomba chumvi.

Niliandika jibu, mlango ukafunguka, nikaweka nywila mpya na swali jingine. Ndani hapakuwa na kitu kilichovunjwa. Vichekesho vyangu vilikuwa palepale, na waliovicheka walikuwa bado wanacheka. Nikaenda kwenye barua. Ujumbe wake wa jana yake sikuwa nimeufungua, kwa sababu nina tabia ya kuuweka mpaka nimalize kazi, kama mtoto anayeficha nyama chini ya ugali. Ulikuwa umefunguliwa. Humo alinieleza kwamba alikwenda Gikomba kununua nguo, akamwona mama yake akija upande wake, akajificha nyuma ya marobota ya mitumba mpaka mama akapita. Alisema mama amezeeka miguuni.

Mtu mwingine alikuwa amelisoma hilo kabla yangu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Siku mbili zilizofuata nilishona vibaya. Pazia moja nililipinda nje ndani, na mwenyewe alipokuja akaniuliza kama ni mtindo mpya. Nikasema ndiyo. Nilimshuku kila mtu wa jukwaani, hata mzee mmoja ambaye najua kabisa hawezi kubadilisha nywila kwa sababu kila wiki anauliza yake ni ipi. Sikumwandikia mwanamke yule. Nilijiambia nitamwambia nikishajua aliyeingia ni nani. Huo ulikuwa woga tu, nimeuvalisha koti.

Kaka yangu hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Huniita kuku wa gredi, kwa sababu nalelewa ndani. Jumapili hiyo hakuniita hivyo.

"Niaje, mwandishi," akasema.

Nikaangalia kioo cha simu kuhakikisha ni yeye.

"Sasa umenyamaza. Na ile pasi ya godoro unaitangaza huko kila mwezi."

"Ni wewe."

"Ni mimi nini? Mimi ni mzee wa kanisa."

"Uliingia kwa akaunti yangu."

"Buda, liliuliza jina la mama. Mimi ndio jina la mama."

Nikamwacha acheke. Kaka yangu akicheka hukohoa mwishoni, na mimi huwa nangoja kikohozi ndipo niseme neno.

"Barua umesoma?"

"Nilikuwa natafuta mahali umenitaja."

"Umezisoma?"

"Si zilikuwa hapo," akasema, na sauti ikapungua.

Nilivaa viatu. Wanaonijua wataelewa uzito wa hayo maneno mawili. Mama mwenye kibanda cha mboga mbele ya ploti aliniona nikipanda bodaboda, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado.

Kaka anakaa Shauri Moyo, si mbali na mama wa yule mwanamke, na mke wake yumo katika chama hicho hicho cha akina mama. Nilikuwa nalijua hilo njia nzima. Nilimkuta ameketi wima kitini, suruali yake na mistari yake miwili kama reli. Shemeji akaniletea chai kabla sijasalimia vizuri. Nikamwomba kaka jambo moja tu: alichosoma kiishie kwake.

"Kwani mimi ni redio?" akasema. "Sijamwambia mtu. Nimemwambia tu mama watoto."

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa bado ameshika birika.

"Na mimi sijamwambia mtu, shem," akasema. "Niliwaomba tu wamwombee."

"Uliwaomba akina nani?"

"Chama. Jana. Ilikuwa wakati wa maombi, na mimi lilikuwa limenilemea. Lakini jina sikutaja, usiniangalie hivyo."

"Ulisema nini hasa?"

"Nilisema kuna mama kati yetu, binti yake amerudi kutoka Arabuni na anaogopa kuja nyumbani. Basi. Nikasema Mungu ndiye anamjua."

"Shem, katika chama chenu, akina mama wangapi wana binti Arabuni?"

Akaweka birika mezani. Nikaona midomo yake ikipita majina moja moja, kutoka mwenyekiti mpaka mtunza sufuria.

"Mmoja," akasema.

Kaka akaangalia viatu vyake.

"Alikuwepo?" nikauliza.

"Alikuwepo. Alisema amina kama sisi wote."

"Halafu?"

"Halafu tukanywa chai. Aliosha vikombe. Huwa haoshi, ana mgongo."

Kaka, ambaye hawezi kuona kimya bila kukitia mkono, akasema labda yule mama hakuelewa. Shemeji akamwambia akae kimya, kwa jina lake lote, la kwanza na la ubatizo, na akakaa kimya. Kaka alipotoka kunisindikiza mpaka barabarani alisema alikuwa ameingia kwa ajili ya suruali tu. Nikamwamini. Ndicho kilichonichosha zaidi, kwamba hakukuwa na mwizi wa kumkasirikia. Kulikuwa na mtu aliyeudhika kidogo, mtu aliyelemewa, na mimi niliyesema ni salama.

Nilifika nyumbani nikamwandikia. Mimi ninayewafanya watu wacheke mpaka wanaandika kwamba wamemwaga chai, sikupata pa kuanzia. Mara ya kwanza nilianza na swali la siri, nikaona najitetea, nikafuta. Mara ya pili nikaanza na kaka, nikaona namsukumia yeye, nikafuta. Mwishowe nikaandika hivi: kaka yangu aliingia, akasoma, shemeji akawaambia chama jana bila kutaja jina, mama yako alikuwepo, kosa ni langu, nilifunga kwa jina ambalo kila mtu analijua, sijui kama mama ameelewa, lakini nadhani ameelewa. Nikaongeza habari ya vikombe, kwa sababu ningekuwa mimi ningetaka kujua.

Alama ya kusomwa ilitokea baada ya dakika chache. Jibu halikuja.

Jumatatu nilishona. Jumanne nilishona. Kaka alipiga simu katikati ya wiki, jambo ambalo halijawahi kutokea, akauliza kama kuna habari. Nikasema hakuna. Akasema yuko tayari kwenda kumwomba msamaha huko Kayole. Nikamwambia akithubutu kukanyaga Kayole nitaandika habari ya zile soksi zake, ambayo jukwaani sijawahi kuigusa. Akasema sawa.

Jibu lilikuja Alhamisi, mchana. Lilikuwa refu kuliko kawaida yake. Aliniambia alikwenda Jumatatu asubuhi, bila kungoja kitu cha kushika mkononi. Njiani alinunua mkate, akaona aibu ya ule mkate mpaka akataka kumpa mtu. Mama alifungua mlango, akamtazama, akasema, "Umekonda," akachukua mkate, akaweka maji ya chai. Hakumuuliza kitu siku hiyo. Siku ya pili ndipo alipomwambia kwamba Jumamosi waliomba, na yeye akaomba pamoja nao, lakini hakujua aombe huyo binti awe wake au asiwe wake. Akisema awe wake, basi mtoto amerudi bila kitu na anamficha. Akisema asiwe wake, basi mtoto bado yuko mbali. Ndiyo maana akaenda kuosha vikombe.

Sasa analala kwa mama. Wateja wa nywele anawapata hapo hapo mlangoni. Wenye maneno wamesema, na wengine hawajamaliza.

Kisha akaandika hivi, na nayanakili yalivyokuwa: "Sikulaumu sana. Pengine ningekuwa bado najificha nyuma ya marobota. Lakini siwezi kukuandikia tena. Kila nikianza, naona kaka yako amesimama nyuma yako anasoma."

Nilianza kumjibu kwa kichekesho. Kilikuwa kizuri, kilihusu kaka na jinsi asivyoweza kusimama nyuma ya mtu bila kupumua kwa kelele. Nikakifuta. Nikaandika kwamba naelewa, na kwamba nimefurahi mama alimwekea chai. Ujumbe ulisomwa siku hiyo hiyo, nikaona alama. Hajajibu, na alikuwa ameshaniambia hatajibu, kwa hiyo sina haki ya kufungua kila mchana kutazama. Nafungua tu, kisha narudi kwenye upindo.